Hiace ya zamani uliyoigeuza nyumba: maswali ya breki na umeme

Nina Hiace ya 1996, injini ya dizeli 3L, zamani ilikuwa inabeba watalii na paa lake linafunguka juu. Nilitoa viti vya nyuma nikaweka kitanda, jiko la gesi, kafriji, tenki la maji na betri ya pili, na tangu hapo wenye gari kama hizi wananiuliza maswali yale yale, wengine wanapiga simu saa 4 usiku wamekwama porini. Nimeyaweka hapa yote. Mimi siyo fundi wa vyeti, ni mtu ambaye ameshalala chini ya gari lake mara nyingi kuliko ndani yake.

Ila ujue ukinieleza shida yako swali langu la kwanza litakuwa: umeongeza nini? Maji lita 80 ni kilo 80, mtungi mkubwa wa gesi ukiwa umejaa unakaribia kilo 30, betri ya asidi ya 100Ah nayo kilo 25 na zaidi, bado mbao za kitanda, bado wewe na watoto na mzigo wa sokoni. Waya nazo ndo usiseme, kila mwenye gari aliyepita kaweka redio yake, kaweka taa zake. Shida nyingi ninazoziona hazikutoka Japan, tumezipika wenyewe.

Pedali inazama mpaka chini, nikipampu mara 2 au 3 inapanda. Ni upepo?

Inaweza kuwa upepo, inaweza isiwe. Sikiliza mguu. Kama pedali ni laini, inabonyea kama unakanyaga sponji, basi kuna upepo kwenye mabomba. Kama iko chini ila ikifika pale inakamata vizuri na ni ngumu, hapo mara nyingi shuu za nyuma (vile vipande vya breki vinavyotanuka) ziko mbali na dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi), kile kirekebishaji cha ndani kimeganda kwa vumbi na kutu. Fungua dramu, safisha, kizungushe mpaka shuu ziguse kidogo, halafu rudisha. Watu wanatoa upepo wiki nzima, wanamaliza chupa 3 za oili ya breki, kumbe ni shuu tu.

Halafu kuna ya tatu, na hii usicheze nayo: umesimama kwenye foleni, umekanyaga breki, na pedali inashuka yenyewe polepole huku mguu wako haujaongeza nguvu. Kagua matairi yote 4 kwa ndani na mabomba yote. Kama hakuna tone linalovuja popote, masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedali) inapitisha ndani kwa ndani, raba zake zimekwisha. Gari lisitoke hapo mpaka ibadilishwe au itiwe seti mpya ya raba, na seti mpya kwenye masta ambayo kuta zake zimeliwa na kutu haidumu, bora ununue nzima.

Upepo unatolewaje vizuri? Kila nikitoa unarudi.

Mkiwa wawili. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa gari zetu za usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, halafu mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mmoja juu mmoja chini, na mimi huwa namweka mpwa wangu juu maana anasikia. Namwambia "kanyaga", anakanyaga taratibu, "shikilia", nafungua nipo (ile skrubu ya kutolea upepo pale kwenye tairi) kidogo, oili inatoka na mapovu kwenye kampira kaliko ndani ya chupa, nafunga nipo KWANZA ndo nasema "achia". Akiachia kabla hujafunga umevuta upepo ndani upya, na hapo ndipo unaporudia ukidhani gari lina pepo. Kosa jingine ni kusahau kale kachupa ka oili ka juu ya masta, kakikauka tu umeanza moja.

Na hii oili ya breki, tunaiita oili lakini siyo oili. Ukiongezea oili ya injini au ya haidroliki kwa sababu duka limefungwa, raba zote zinavimba, masta, kalipa (kile kibano cha pedi za mbele), silinda za nyuma, kila kitu, na breki zinaanza kukamata zenyewe. Hapo siyo kusafisha, hapo ni kubadilisha raba zote. Tumia DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyosema. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo, ila DOT 5.1 ni kitu kingine na inachanganyika nazo, sijui nani aliamua majina yafanane hivi.

Nilishuka mlima breki zikaisha kabisa, chini zikarudi. Fundi kaangalia hajaona kitu.

Hawezi kuona kitu kwa sababu zimeshapoa. Hapo kuna mambo mawili. Ya kwanza pedi na shuu zikipata joto kali zinapoteza kukamata, pedali iko juu na ngumu lakini gari linateleza tu. Ya pili oili ya breki imechemka, imekuwa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inakwenda chini yote. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imezeeka. Sasa wewe una oili ya tangu gari linaingia bandarini, unashuka Kitonga na nyumba mgongoni, unategemea nini? Badilisha yote kila miaka 2, siyo kuongezea, kubadilisha.

Halafu namna ya kushuka. Mlima kama wa kutoka Lushoto kuja Soni mpaka Mombo unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia, 2 au 3, injini ndo ishike gari. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, unaachia, zinapoa, unakanyaga tena. Kuweka mguu juu ya pedali mlima mzima eti unaenda taratibu ndo kunakochemsha. Ukisikia harufu ile kali ya kama raba na kitambaa vinaungua pamoja, tafuta pa kusimama mapema, weka gia, weka jiwe kwenye tairi, na usivute hendibreki kwa nguvu dramu zikiwa za moto wala usimwagie maji disiki, zinapinda. Nusu saa ya kungoja haijamuua mtu.

Niliongeza majani ya springi nyuma kwa sababu ya mzigo, sasa mbele pedi zinaisha haraka. Vinahusiana?

Vinahusiana sana na ni swali zuri kuliko yote. Gari nyingi za aina hii zina valvu ya kugawa breki kwa mzigo, iko chini nyuma, ina mkono au springi inayoshikana na ekseli. Mzigo ukiwa mwingi bodi inashuka, mkono unasogea, valvu inapeleka nguvu zaidi nyuma. Wewe umeongeza majani, bodi imepanda, valvu inadhani gari ni tupu! Inainyima nyuma nguvu wakati nyuma ndo kuna kitanda na maji, na mbele kunafanya kazi ya wote. Irekebishwe kulingana na kimo kipya, na kama mkono umeganda kwa kutu (wengi umeganda) uachiwe. Usikubali fundi aitoe valvu aunge bomba moja kwa moja, siku ya mvua ukiwa mtupu tairi za nyuma zitafunga na gari litageuka.

Tairi moja la moto sana na gari linavuta upande.

Usishike rimu, sogeza kiganja tu utasikia. Nyanyua tairi hilo, weka vigogo au stendi, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Jaribu kuzungusha kwa mkono. Limekamata? Fungua nipo. Kama oili inaruka kidogo na tairi linaachia papo hapo, kulikuwa na presha imenaswa. Kama haliachii, pistoni ya kalipa imeganda au zile pini zake zimekauka, fungua, safisha, paka grisi ya breki.

Kama lilikuwa limenaswa presha, shuku ule mpira wa breki. Kwa nje unaweza kuwa mzuri kabisa lakini ndani umechanika kikapande kama ulimi, ukikanyaga oili inapita, ukiachia kile kiulimi kinaziba njia. Kuthibitisha, subiri likamate tena halafu badala ya nipo legeza kiungo cha bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira. Likiachia hapo tatizo liko juu huko kwa masta, lisipoachia ni mpira. Mipira ya gari ya miaka ya 90 ambayo haijawahi kubadilishwa mimi hata siipimi, nabadilisha yote.

Matairi yote 4 yanapata moto.

Hii ilinipata mimi. Taa za breki zilikuwa haziwaki, nikampelekea gari fundi umeme, akabadilisha swichi ile ya kwenye pedali, dakika 20, nikalipa nikaondoka Arusha kwenda Karatu. Kufika Makuyuni gari zito, nakanyaga mafuta halitaki, nashuka naona rimu zote zinatoa moshi mwembamba. Nilihangaika pale jua la saa 8 nikidhani ni masta. Kumbe swichi ile ndo inayoizuia pedali irudi mpaka wapi, na jamaa aliifunga ndani kupita kiasi, pedali haikurudi yote, kale katundu ka masta ka kurudishia oili kakabaki kimezibwa, na joto likipanda oili inatanuka inazidi kubana. Nililegeza nati kwa spana namba 14, nikarudisha swichi nyuma mizunguko miwili, pedali ikapata uchezaji wa milimita chache, nikangoja zipoe. Taa za breki zikaendelea kuwaka na gari likaenda. Tangu siku ile fundi akigusa umeme mimi napima breki.

Pedali ngumu kama jiwe.

Ni busta (lile kopo linaloongezea mguu wako nguvu) haipati upepo wa kunyonya. Zima injini, pampu breki mara 5, kanyaga ushikilie, washa. Pedali ikishuka kidogo injini inapowaka, busta ni nzima. Isiposhuka angalia mpira unaotoka kwenye pampu ya kunyonya na valvu yake ya kuzuia kurudi. Sasa kwenye dizeli hizi za Toyota, 2L na 3L, pampu ya kunyonya iko nyuma ya alteneta (ile mashine ya kuchaji betri), wanazunguka pamoja na pampu inalainishwa na oili ya injini. Sili ikichoka oili inaingia ndani ya alteneta, kaboni zinalowa, chaji inaanza kusuasua, na pedali inazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo ukiona breki ngumu NA chaji ndogo NA oili inapungua bila kuvuja chini, usinunue vitu 3, nenda moja kwa moja kwenye alteneta.

Taa ya breki na taa ya betri kwenye dashi zinawaka pamoja, hafifu.

Kwenye Toyota nyingi hiyo ni alteneta inaomba msaada, siyo breki, ile taa ya breki imeungwa kwenye saketi ya chaji ili ijijaribu unapofungua swichi. Pima betri injini ikiwa inazunguka, unatakiwa uone kama volti 13.8 mpaka 14.4. Ukiona 12.5 na inashuka, haichaji. Ila taa ya breki ikiwaka peke yake, angalia hendibreki imeachia yote, halafu kiwango cha oili. Kikiwa chini usijaze ukaondoka, pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Kama ni kwenye dramu, nusa: oili ya breki ni nyepesi na inabandua rangi, ile nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma), sili ya ekseli ndo imekufa, na shuu zilizolowa hiyo usizichome kwa petroli ukazirudisha kama wanavyofanya wengine, tupa.

Nikiwasha indiketa ya kulia taa ya breki nayo inapepesa, nikikanyaga breki taa ndogo zinafifia.

Ethi. Kabla hujafungua kitu chochote, ethi. Umeme wa taa ya nyuma unatakiwa urudi kwenye bodi, njia yake ikiwa na kutu unatafuta njia nyingine, unapitia kwenye nyuzi ya taa ya jirani, ndo maana taa zinaonekana zimechanganyikiwa akili. Chukua waya mrefu, upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine gusa ule waya wa ethi pale kwenye soketi ya taa. Zikitulia umepata jibu. Kwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe, funga boliti mpya, paka grisi juu. Kama hazikutulia angalia bulbu: ya breki na taa ndogo ni ya nyuzi mbili, 21/5W, vijipini vyake haviko kimo sawa makusudi, na kuna watu wanailazimisha ya nyuzi moja iingie. Na ukibadilisha indiketa zote ziwe LED zikaanza kupepesa haraka haraka, hiyo siyo shoti, relei (swichi ya umeme inayopepesa taa) inadhani bulbu imeungua, tafuta relei ya LED.

Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila wiki. Nimeweka ya 30 badala ya 15 na sasa haiungui.

Sasa kitakachoungua ni waya, mkuu, na waya unapita chini ya godoro lako. Rudisha ya 15. Halafu tafuta pale waya unapojikunja au kupita kwenye bati: bawaba ya mlango wa nyuma, bawaba za paa linalofunguka, na pale walipotoboa bodi bila kuweka raba. Kwenye yangu ilikuwa mlango wa nyuma. Nilimenya tepu nyeusi iliyozungushwa na mtu ambaye simjui, ndani yake waya 4 zimenyongwa kwa mkono, shaba imekuwa ya kijani, imekauka, ukiikunja inakatika kama kijiti cha kiberiti, na moja ilikuwa imeshachubuka inagusa bati kila mlango ukifungwa kwa nguvu. Tepu haikai kwenye joto na vumbi letu, gundi inayeyuka. Tumia viungo vya kubana kwa koleo lake, halafu ule mpira unaosinyaa kwa moto juu yake.

Angalia pia waya zinazopita karibu na injini, maana kwenye hizi injini iko chini ya viti vya mbele na joto lote linakaa pale. Plastiki ya waya inakuwa ngumu, inapasuka ukiigusa.

Betri ya nyumba haijai hata nikisafiri siku nzima.

Waya mwembamba. Chukua mfano, kutoka mbele mpaka betri ya nyuma ni mita 5, umetumia waya wa milimita za mraba 2.5, unapita ampea 20. Unapoteza kama volti 0.7 kwenye waya wa chanya tu. Alteneta inatoa 14.2, betri inapata 13.5, haitajaa leo wala kesho. Ukiweka wa 16 unapoteza kama 0.1. Weka fyuzi karibu na betri, pande ZOTE mbili, maana waya huo una betri kila mwisho. Na katikati relei ya kutenganisha, bila hiyo friji inakunywa betri zote usiku na asubuhi gari haliwaki.

Inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1000 ikifanya kazi kwa nguvu yote inavuta ampea 90 hivi kwenye volti 12. Usiiunge kwenye waya wa redio. Nacheka lakini nimeiona.

Gari likikaa siku 3 betri imekufa.

Zima kila kitu, funga milango, toa waya wa hasi, weka multimita katikati ya waya huo na betri, ikiwa kwenye ampea. Ikisoma chini ya 0.05 ni kawaida. Ukiona 0.5 ndo mwizi, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi ni kengele ya wizi iliyounganishwa ovyo au redio. Na usiwashe gari multimita ikiwa pale, utaunguza fyuzi yake.

Yangu ni Coaster, ina volti 24. Nichukue 12 kwenye betri moja?

Hapana. Coaster nyingi za dizeli kutoka Japan zina betri 2 mfululizo. Ukinyonya moja tu, ile inashuka, nyingine inajazwa kupita kiasi, zote zinakufa ndani ya miezi. Nunua konveta ya kushusha 24 kuwa 12.

Fundi ananiambia tukate waya zote tuanze upya. Nikubali?

Zile zilizoongezwa, ndiyo, hata leo. Zile za kiwanda, hapana, zina rangi zake na michoro yake inapatikana, ukishazikata hakuna atakayekusaidia. Njia yangu: vuta waya moja ya nyongeza mpaka ujue inaanzia wapi na inaishia wapi, bandika kipande cha tepu nyeupe andika kazi yake kwa kalamu, piga picha, ndo uende nyingine. Ile isiyo na mwisho itoe. Mimi nilitoa mfuko mzima wa rambo wa waya ambazo hazikuwa zinawasha chochote, na mbili kati yake zilikuwa na umeme.